Bekereli za Mzee Laara

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Aliyesema hivyo alifikiria kifua tu, hakufikiria samaki. Kule kwetu Skarvdal, katika baridi ya pili baada ya mvua chafu, watu waligundua kwamba mapenzi hukaa tumboni, na kwamba serikali ina mashine ya kuyapima.

Mvua chafu ni ile iliyotunyeshea baada ya kinu cha nyuklia kulipuka Chernobyl, mbali huko mashariki. Mawingu yalikuja kama wageni wasioalikwa. Yakapita juu ya miji ya matajiri bila kupiga hata chafya, yakafika milimani kwetu sisi Wasami, wafuga kulungu wa kaskazini ya Ulaya, yakachoka, yakajimwaga. Sumu ikaingia kwenye ukoga mweupe wa ardhini wanaoula kulungu wetu, ikaingia majini, na wala haikuonekana wala kunuka. Haikugawanywa kwa haki pia. Ziwa Refu, upande wa magharibi, lilipata vijitone. Ziwa Jeusi, upande wa mashariki, lilipata ndoo nzima. Ukila samaki wa Ziwa Jeusi unaimeza ile sumu, nayo hukaa mwilini miezi na miezi ikijifanya mpangaji.

Ndiyo maana kila mwaka, mwezi wa tatu, alikuja mama mmoja mtaalamu kutoka mjini, Torill, na mashine ya kupimia watu. Hesabu yake ya sumu iliyomo mwilini ilikuwa kwa bekereli. Ukiwa nazo chache, wewe ni mtu wa kula vya dukani. Ukiwa nazo nyingi, wewe ni mtu wa porini. Torill alitusihi tuwe nazo chache, na sisi tuliitikia vizuri sana, lakini kuna wazee wachungaji waliotoka kwenye kipimo wamenuna kwa sababu jirani amewazidi.

Sanna hakuwa na mashindano hayo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mnene panapotakiwa, mwenye nyumba ya mbao ukingoni mwa Ziwa Jeusi. Mwaka ule aliiogopa mashine kuliko anavyoogopwa mkusanya kodi, na hakujiogopea mwenyewe. Alimwogopea Mzee Laara.

Laara alikuwa mjane wa kiume, mrefu, mpole, mwenye haya kama bibi harusi wa zamani. Tangu mkewe afe aliishi na dada yake, Ragna, ambaye alimpikia, akamfulia, akamchagulia soksi, na akamjibia maswali watu walipomuuliza yeye. Ragna aliyatii maneno ya Torill kuliko ya mchungaji wa kanisa. Nyumbani mwake hapakuingia samaki wa ziwani. Ilikuwa chewa wa dukani, soseji za dukani, na viazi vilivyosafiri kuliko yeye. Tena Ragna na Sanna hawakusalimiana, tangu ndama mmoja wa kulungu alipokutwa na alama ya sikio, ile inayomtambulisha mwenye mnyama, isiyo yake. Ndama huyo alishaliwa zamani na waliomla walishazikwa, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa hai na afya njema.

Sasa, kila Jumanne na kila Ijumaa Laara alimuaga dada yake kwamba anakwenda kukagua ua wa kulungu kule mashariki. Kulungu walikuwa wamehamishwa tangu theluji ya kwanza. Ndani ya ua ule hapakuwa na hata sungura. Lakini ulikaguliwa baridi ile kuliko mpaka wa nchi.

Laara alikuwa akienda kula kwa Sanna.

Ilianza kwa kikombe cha kahawa chenye vipande vya jibini ndani, kama desturi yetu. Ikaja supu. Wakaja samaki wa Ziwa Jeusi, wa kuchemsha, wa kukaanga, wa kuvundikwa. Laara alikula kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, kimya, macho yamefumbwa, na Sanna alikaa upande wa pili wa meza na bakuli lake la uji, akimsogezea sahani. Vinono vyote vilikwenda upande ule. Yeye aliona raha kutazama.

Mwezi wa kumi, akiwa ananyonya uboho wa mfupa wa kulungu, Laara alisema, "Sanna, unaonaje kama mimi na wewe…" Kisha uboho ukatoka, akaumeza, na sentensi ikashuka nao. Tangu siku hiyo Sanna alikuwa akiisubiri ipande. Hakumsukuma. Mwanamume mwenye haya ni kama kulungu jike: ukimfuata unaona mkia, ukitulia anakuja mwenyewe. Lakini ukimcheka mbele ya watu, basi, hata mkia huuoni tena. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mashine ingesema Laara amejaa samaki, kijiji kingeangua kicheko, na Laara asingerudi kukaa kwenye kile kiti.

Kwa hiyo wiki za mwisho kabla ya kipimo alijaribu kumsafisha. Kwanza aliwaloweka samaki kwenye maji ya chumvi, maana Torill alisema chumvi huvuta sumu. Aliwaloweka siku mbili.

"Sanna," Laara alisema, akiweka uma chini, "huyu samaki amefia baharini?"

"Ni mapishi mapya."

"Ya zamani yalikuwa na kosa gani?"

Akajaribu soseji. Laara aliitazama ile soseji kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa pili, akaitazama tena.

"Hii ninayo nyumbani," alisema kwa huzuni iliyomkata Sanna maini. Basi akaenda jikoni akamkaangia samaki wawili wakubwa, na mambo ya usafi yakaishia hapo.

Siku ya kipimo ukumbi wa kanisa ulijaa. Torill alikuwa na sheria: namba ya mtu ni siri ya mtu. Kwa hiyo alifunga pazia kona moja. Na kwa hiyo sisi tuliweka meza ya kahawa palepale kando ya pazia, na hakuna aliyetaka kuketi kwingine. Nyuma ya pazia mtu alikaa kwenye kiti, akaikumbatia mashine mapajani, akajikunja juu yake kama mama anayemficha mtoto upepo, mpaka Torill amwambie inatosha.

Sanna aliingia mapema. Torill aliitazama mashine, akaigonga kidogo, akaitazama tena.

"Elfu tisa tu, mama. Umefanya vizuri mno. Mwaka jana ulinitisha."

Alipotoka, Aanta alikuwa ameshajipanga. Aanta alikuwa mchungaji wa kulungu kwa jina, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuchunga mambo ya watu.

"Bi Sanna, elfu tisa? Unahamia mjini nini? Tukununulie na kijibwa cha kufunga kamba?"

"Ni uji, Aanta. Ungekula na wewe, mlango usingekuwa unakuogopa."

Baada yake aliingia Alfrida, mjane wa mwenye duka la zamani, mwenye midomo myekundu siku za kazi na siku za sikukuu. Nyumba yake na ya Sanna ndizo nyumba mbili pekee za Ziwa Jeusi, moja ng'ambo hii na moja ng'ambo ile. Alfrida aliwavua samaki wake mwenyewe na akawala mwenyewe, na Torill alimhubiria kila mwaka. Namba yake ilikuwa elfu arobaini na mbili. Alitoka nyuma ya pazia kama mtu aliyevishwa nishani.

Kisha akaitwa Laara.

Sanna alishika kikombe kwa mikono miwili. Moyoni aliomba Torill anong'one, na Torill kweli alinong'ona. Tatizo ni kwamba sikio la kulia la Laara liliuawa zamani na kelele za pikipiki ya theluji, na la kushoto lilisikia linachopenda.

"Eeh?" alisema Laara.

Torill akasema tena.

"Ngapi?"

"Elfu arobaini na mbili, mzee. Arobaini na mbili." Sasa waliomsikia ni pamoja na watu waliokuwa nje wakivuta tumbaku. "Mwaka jana ulikuwa na elfu sita. Umekula nini?"

Mbele ya pazia vijiko vilisimama kwenye vikombe.

Ragna akainuka. "Mashine imeharibika. Ndugu yangu anakula kwangu. Chewa, soseji, viazi. Mimi ndiye ninayempakulia, mimi ndiye ninayeosha sahani."

"Haijaharibika, Bi Ragna," Torill aliita. "Nimempima mara mbili."

"Mpime mara ya tatu."

Lakini kumbuka hawa ni watu gani. Ni watu waliozaliwa wakifuata nyayo. Mpe Mskarvdal kwato moja kwenye theluji iliyoyeyuka nusu, atakwambia kulungu ni wa nani, alipita lini, na alikuwa na hasira au hapana. Aanta aliweka kikombe chini taratibu, kama anayeogopa kushtua windo.

"Tusipige kelele," alisema. "Tufuate tu. Nyama? Si nyama. Kulungu wetu sote ni wamoja, na mimi niliyewala kuanzia masikio nina elfu kumi na tano. Hivyo ni samaki."

"Samaki," wakakubali wazee, wakisogeza viti.

"Wa Ziwa Refu?"

"Ziwa Refu hata ukilinywa lote hufiki elfu ishirini."

"Basi ni Ziwa Jeusi. Na Laara havui. Nyavu zake zilioza tangu shemeji yetu afe. Kwa hiyo kuna anayemvulia samaki, na anayempikia. Ziwa Jeusi lina mabomba ya moshi mangapi?"

"Mawili."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Sanna.

"Sanna ana elfu tisa," alisema mzee mmoja.

"Naam," akasema Aanta, akitikisa kichwa kama hakimu. "Mpishi gani asiyeonja chungu chake? Sanna ni msafi kama theluji ya jana. Lakini kuna mtu hapa, sitaki kumtaja, ana elfu arobaini na mbili. Na kuna mtu nyuma ya pazia, naye ana elfu arobaini na mbili. Sijawahi kuona mapacha waliozaliwa wakiwa wazee."

Vichwa vyote vikahama kwa Alfrida.

Alfrida angeweza kucheka. Angeweza kusema mnasema upuuzi. Badala yake aliweka mkono kifuani, akainamisha macho, na akasema kwa sauti laini, "Jamani. Mambo ya watu wazima hayo."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, wengine walishikana mabega. Bibi mmoja alilazimika kutolewa meno ya bandia ili asiyameze. Ragna alikaa chini kama gunia lililokatwa kamba.

Na Sanna? Sanna kwanza alipumua. Alitaka nini kingine? Siri yake ilikuwa salama, imejificha nyuma ya Alfrida. Kesho kelele zitapoa, Ijumaa Laara atakuja, ataketi kwenye kiti chake. Alinywa kahawa funda moja refu la shukrani.

"Na anakula vizuri?" Aanta alimuuliza Alfrida.

"Mkia," alisema Alfrida, akilamba mdomo. "Anaupenda mno mkia. Namwambia, Laara wee, acha basi mwenzio naye aonje."

Sanna alishusha kikombe.

"Mkia hali," alisema Sanna.

Hakukusudia. Maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayesahihisha mapishi. Lakini yalikutana na ukimya mdogo kati ya vicheko viwili, na yakasikika mpaka mlangoni.

"Umesemaje, Bi Sanna?" Aanta aliuliza.

Hapo bado angeweza kutoroka. Angeweza kusema wanaume wa Skarvdal kwa kawaida hawali mkia. Lakini alimtazama Alfrida na midomo yake, akafikiria mtu mwingine akimpakulia Laara, hata katika uongo, na akili ikamruka.

"Mkia hali. Anaanza na mashavu. Anatoa lile la kushoto, anatoa la kulia, anafumba macho. Halafu tumbo. Mkia anausukuma pembeni ya sahani, anaufunika na ganda la kiazi ili asinikwaze, kana kwamba mimi sioni."

Hakuna aliyepiga meza. Ragna aliinuka tena, taratibu, hatua baada ya hatua akasogea mpaka wakawa uso kwa uso, mara ya kwanza tangu yule ndama.

"Na wewe umejuaje anavyokula ndugu yangu?"

"Kwa sababu nampikia mimi."

"Wewe una elfu tisa."

"Ninazo."

"Bi Sanna," Aanta aliingilia, kwa huruma kabisa, "ukitaka mume sema tukutafutie. Usimdandie wa mwenzio. Hesabu inakukataa."

"Mashine inapima aliyekula," Torill alisema, akichungulia pembeni ya pazia, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa sababu yeye ndiye aliyeleta sheria ya siri. "Haipimi aliyepika."

"Mimi sili," alisema Sanna. "Namwachia. Nakula uji." Akaona haya kama aliyevuliwa nguo. "Baridi yote nimekula uji."

Wanaume walitazamana wakitafuta pa kuchekea. Wanawake hawakutafuta. Wanawake walielewa hesabu ile haraka kuliko mashine: mahali hapa elfu tisa, pale elfu arobaini na mbili, na katikati yake samaki wote ambao mwanamke mmoja hakuwala.

Ndipo pazia likasogea na Laara akatoka. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini. Alimtazama dada yake. Alimtazama Aanta. Hakumtazama Sanna. Aliutazama mlango, akavaa kofia yake, akatembea katikati ya viti, akatoka, na baridi ikaingia mahali alipopita.

Nimemkimbiza, aliwaza Sanna. Miezi yote nimekaa kama jiwe nisimshtue, nimekuja kumpigia kelele ukumbini, kwa ajili ya mkia wa samaki. Akainama kuvaa buti zake. La kwanza liliingia. La pili alilisahau mkononi.

Alfrida alikuja akachuchumaa karibu naye.

"Shoga, nisamehe. Sijawahi kumpa hata maji. Ila tangu marehemu afe hakuna aliyenisingizia kitu. Nikaona kwa nini niharibu."

"Na huo mkia umeutoa wapi?"

"Mume wangu ndiye aliyeupenda," alisema Alfrida, na wote wawili wakajikuta wanacheka, Sanna akiwa na machozi pamoja.

"Hajaondoka," Aanta alisema kutoka dirishani.

Watu wote wakahamia madirishani. Walipumulia vioo, wakavifuta kwa mikono, wakavipumulia tena. Huko nje pikipiki za theluji zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta wa kanisa, ile nyeusi kubwa ya Ragna mbele kabisa. Laara alikuwa ameipita. Alikuwa ameketi kwenye ile ndogo ya njano iliyopasuka kiti, ya Sanna, tena si mbele. Ameketi nyuma, mahali pa abiria, mikono mapajani, miguu mirefu imekunjwa, magoti karibu na masikio, akitazama mbele kama mtu anayesubiri meli.

Katika Skarvdal hakuna aliyewahi kumwona mchungaji wa kulungu akiketi nyuma ya mwanamke.

Ragna alifungua mlango. Sisi wengine tulijipanga nyuma yake kadiri mlango ulivyoruhusu, na wengine zaidi.

"Laara. Shuka hapo. Hiyo si yetu."

"Najua."

"Ni ya nani?"

Sikio lake la kushoto lilikuwa upande wa mlango, na kwa mara hii lilisikia kila kitu. Alivua glavu moja, akaivaa tena. Ungeweza kuona maneno yakipanda shingoni mwake kama mtu mnene anayepanda ngazi.

"Ya Sanna."

"Na wewe unakwenda wapi na pikipiki ya Sanna?"

"Kwa Sanna."

"Mpaka saa ngapi?"

Laara alifikiri. Theluji ilidondoka kutoka paani, pwaa, na hakuna aliyegeuka kuitazama.

"Sirudi, dada," alisema. "Yaani nitakuja kukusalimia. Jumanne na Ijumaa."

Nyuma ya Ragna mtu alianza kucheka, na Ragna akageuka na jicho lililomfanya ameze kicheko kizimakizima. Kisha akageuka tena kwa ndugu yake. Alimtazama yule mzee aliyejikunja kwenye kiti kilichopasuka.

"Vifungo vyako," alisema. "Umevikosea."

"Atanifungia."

"Mzee Laara," Torill aliita kwa sauti ya juu, akijipenyeza kati ya mabega, "samaki wa Ziwa Jeusi basi, hadi vuli. Umenisikia? Muwavue wa Ziwa Refu."

"Eeh?" alisema Laara.

Sanna alipita katikati yao, buti moja mguuni na moja mkononi. Ragna hakumpisha, lakini hakumzuia. Alibana bega lake kidogo tu, kiasi cha mtu mnene kupita akijitahidi. Theluji ilimwingia Sanna ndani ya soksi na hakuihisi. Alifika kwenye pikipiki, akaketi mbele, akavaa buti la pili kwa shida kwa sababu magoti ya mtu mwingine yalikuwa kila mahali. Akawasha mashine. Ikakohoa, ikashika.

Madirisha yote matano ya ukumbi yalikuwa yamejaa nyuso.

"Shika vizuri," alisema bila kugeuka. "Njia ina mashimo."

"Nishike wapi?"

"Watu wanatazama, Laara," alisema Sanna. "Shika popote."